Deni Limekwisha, Rehani Bado Ipo

Tangu Machi 2012, Simiyu ilipomegwa kwa sehemu kubwa kutoka Shinyanga, na Bariadi ikawa makao makuu ya mkoa, kiwanja cha mjini kimekuwa mali ya kugombewa. Watumishi wa serikali walihamia, taasisi zikatafuta mahali pa kujenga, lami ya kutoka Lamadi kupitia Bariadi hadi Maswa ikawavuta wafanyabiashara wa Mwanza, na uwanja wa Nyakabindi ukajulikana nchi nzima kwa maonesho ya Nane Nane. Bei za Somanda, Malambo na Sima zikapanda, na kadiri zilivyopanda kiwanja kikapata kazi ya pili: kuwa dhamana ya mkopo. Kazi ya kwanza ni ya kukaliwa, kuuzwa na kurithiwa. Ya pili ni ya kulala kwenye kabati la benki kikilinda fedha za mwenye benki. Kazi hizo mbili zinapogongana ndipo kesi huzaliwa. Mtu ananunua nyumba, analipa, anahamia na watoto wake, halafu siku anapotaka kubadili hati kwa jina lake anaambiwa kwamba kwenye daftari la Msajili wa Hati nyumba hiyo ina rehani. Mkopo wenyewe hakuuchukua yeye. Pengine ulishalipwa miaka mitatu kabla hajaijua nyumba hiyo.

Lawama katika kesi za namna hii humwangukia mnunuzi. Kwa nini hakuuliza? Kwa nini alikubali kununua mbuzi kwenye gunia? Swali lina haki yake, lakini limeelekezwa kwa mtu asiye na uwezo wa kuondoa tatizo. Mnunuzi anaweza kuiona rehani akipekua, hawezi kuifuta. Muuzaji anaweza kulipa deni. Kufuta rehani hawezi peke yake. Mwenye kalamu ya kufuta ni mmoja tu, yaani mkopeshaji, na yeye ndiye ambaye baada ya kulipwa hana tena sababu ya kuinuka kitini. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mzigo wa kuiondoa rehani iliyokwisha kazi ungepaswa kuwa wa mkopeshaji, kwa siku zinazohesabika, bila kungoja kuombwa, na kwamba hali ya Simiyu, yenye biashara za msimu na umiliki wa karatasi za kila aina, inalidhihirisha hilo kuliko mahali pengi.

Tuanze na sheria yenyewe, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kulipa deni na kufuta rehani ni tendo moja. Sheria ya Ardhi ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, inasema wazi kwamba rehani ni dhamana tu, na haimhamishii mkopeshaji umiliki wa ardhi. Hadi hapo mkopaji yuko salama. Lakini kwa ardhi iliyosajiliwa kuna sheria nyingine, ile ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, na kanuni yake kubwa ni kwamba kuuza, kuhamisha, kubadili au kumaliza haki yoyote juu ya ardhi hiyo hakuna nguvu mpaka kuandikwe kwenye daftari. Rehani huingia daftarini kwa waraka uliosainiwa, na waraka huo hupewa namba. Ili itoke, lazima uje waraka mwingine wenye saini ya mkopeshaji unaosema nimelipwa, futeni. Risiti ya benki haitoshi. Taarifa ya akaunti inayoonyesha salio sifuri haitoshi. Hata barua nzuri ya meneja wa tawi inayompongeza mteja kwa kumaliza mkopo wake haitoshi, maana Msajili hasomi pongezi. Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, na ndilo linalosema uongo.

Kwa nini basi watu wanaacha rehani ikae baada ya kulipa? Kwa Simiyu jibu kubwa ni pamba. Msimu wa ununuzi hufunguliwa kuelekea katikati ya mwaka. Mfanyabiashara anayesafirisha pamba hadi vinu vya kuchambulia, mwenye duka la pembejeo, mwenye malori, mama anayenunua choroko na dengu kwa jumla, wote wanahitaji fedha nyingi kwa miezi michache, kisha fedha inarudi. Tuchukue mfano wa mwenye duka wa Malambo mwenye nyumba yenye hati. Anakwenda benki mwezi Aprili, anaweka hati, anapewa mkopo, na kufikia Oktoba amemaliza. Mwakani atarudi kwa mkopo mwingine. Kuitoa hati, kuifutia rehani, kisha kuirudisha na kuandikisha rehani mpya kunamgharimu ada ya mwanasheria, ushuru, tathmini na wiki za kusubiri. Afisa mikopo anamwambia: iache tu, si utarudi? Naye anaiacha, kwa sababu ushauri huo ni wa busara kabisa.

Mikataba mingi ya rehani imeandikwa hivyo hivyo. Haitaji mkopo mmoja wa kiasi fulani. Inasema nyumba hii inalinda fedha zote ambazo mkopaji anadaiwa sasa na atakazodaiwa baadaye. Sheria ya Ardhi inaikubali rehani ya mkopo unaoendelea, na kwa mwenye ovadrafti ni lazima iwe hivyo, kwa kuwa akaunti yake hupanda na kushuka kila wiki. Ubaya unakuja pale mwenye duka anapoamua kuiuza nyumba. Mnunuzi anauliza kama kuna deni, anaonyeshwa salio sifuri, wanakwenda kwa wakili, fedha inatolewa. Rehani haijafutwa, na akaunti haijafungwa. Miezi sita baadaye yule muuzaji, akiwa na jina zuri kwa benki yake, anachukua mkopo wa msimu mpya. Nyumba anayokaa mtu mwingine imeanza kulinda deni jipya bila tofali lolote kusogea.

Tatizo hili si la Tanzania tu. Nchini Marekani wenye nyumba hukopa kwa mtindo unaofanana sana na ovadrafti yetu: benki inaiwekea nyumba rehani, kisha inampa mwenye nyumba kiwango cha fedha anachoweza kuchota, kurudisha na kuchota tena kwa miaka. Mahakama za huko zimekuwa na kesi ambapo nyumba iliuzwa, deni likashushwa hadi sifuri siku ya mauzo, lakini hakuna aliyeiandikia benki kwamba mkopo ufungwe. Muuzaji akachota tena, na benki ikaja kumdai aliyemo ndani. Wenzetu wana bima ya hati na mawakili wa kusimamia kila mauzo, na bado yanawakuta. Jimbo la New York liliamua kumbana mwenye kalamu. Mkopeshaji aliyelipwa akipitisha siku 30 bila kupeleka waraka wa kufuta rehani anawajibika kulipa dola 500, akipitisha siku 60 dola 1,000, akipitisha siku 90 dola 1,500. Kwa benki kubwa hizo ni fedha ndogo, lakini zikizidishwa kwa maelfu ya wateja, benki inaona nafuu kuajiri mtu wa kufanya kazi hiyo.

Kwetu kuna mlango mwingine ambao huko hauko wazi kiasi hicho, nao ni wa mtu aliyenunua lakini hakuhamisha. Uhamisho rasmi una gharama: kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, ushuru wa stempu wa asilimia 1, malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ambayo muuzaji hakuyalipa kwa miaka, tathmini na kibali. Wengi huishia kwenye mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa, ukapigwa muhuri, mashahidi wakaweka dole gumba. Hati inabaki na jina la zamani, na mara nyingine inabaki mikononi mwa muuzaji kwa ahadi kwamba tutabadilisha mambo yakitulia. Kwenye daftari la Msajili muuzaji bado ndiye mwenye nyumba. Akienda kukopa, upekuzi wa benki utamwona yeye. Afisa mikopo atakuja kukagua dhamana, atampiga picha amesimama mbele ya mlango, na watu waliomo ndani wataitwa wapangaji. Nimesema lawama isimwendee mnunuzi, lakini hapa ana sehemu yake. Sheria inamruhusu mtu mwenye maslahi kwenye ardhi iliyosajiliwa kuweka zuio kwa Msajili ili shughuli yoyote isifanyike bila yeye kujulishwa, na zuio hilo hugharimu kidogo sana likilinganishwa na nyumba.

Chini ya mabenki kuna ngazi nyingine ya wakopeshaji ambako hata daftari halifikiwi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 iliwapanga wakopeshaji wadogo kwa madaraja, kuanzia kampuni zinazokopesha bila kupokea amana, SACCOS, hadi vikundi vya kijamii, ili wote wawe na leseni au usajili. Pamoja na hayo, mikopo ambayo watu wa mjini huiita kausha damu bado ipo, na dhamana yake huwa ni barua ya toleo, maarufu kama ofa, au mkataba wa zamani wa kununulia kiwanja. Sheria ya Ardhi inatambua kwamba kumkabidhi mkopeshaji nyaraka kunaweza kuwa dhamana, hivyo si jambo haramu. Lakini halionekani popote: anayenunua kiwanja hicho hawezi kujua kwamba ofa halisi iko kwenye droo ya mtu. Baya zaidi ni pale mkopeshaji anapomsainisha mkopaji mkataba wa mauziano badala ya mkataba wa mkopo. Kwa karatasi, kiwanja kimeuzwa siku mkopo ulipotolewa. Kwa ukweli, ni rehani iliyovalishwa kanzu ya mauzo. Mkopaji anamaliza deni, harudishiwi karatasi ile, na miaka kadhaa baadaye mnunuzi wa pili anakutana kwenye baraza la ardhi na mtu mwenye mkataba wa tarehe ya mapema kuliko wake. Mwenye mkataba wa tarehe ya mapema ndiye huanza akiwa mbele, mpaka ithibitike kwamba mauzo yale hayakuwa mauzo.

Ndani ya familia mambo huwa mazito zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwanandoa kuiuza au kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inadai ushahidi wa ridhaa ya mwenzi au wenzi wanaoishi katika nyumba hiyo. Neno wenzi lina uzito katika mkoa ambako mwanamume mwenye wake wawili au watatu ni jirani wa kawaida. Benki ikichukua saini ya mke mmoja, anayeishi Bariadi, na nyumba iliyowekwa rehani ikawa ya Maswa anakoishi mwingine, rehani imezaliwa na ugonjwa. Mwenye nyumba akifariki, msimamizi wa mirathi anawagawia warithi nyumba ambayo daftari bado linaionyesha imefungwa. Warithi hawajui kama baba alimaliza kulipa. Stakabadhi zake zimechanganyika na za ada za shule na mbolea. Anayejua ni benki, lakini benki haikuhudhuria msiba.

Kisha kuna jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha: mkopeshaji naye hufa. Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoanzishwa mapema miaka ya 1970 kwa ajili hasa ya mikopo ya makazi, ilifungwa 1995. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa 1997, ikazaliwa NBC mpya, NMB, na shirika hodhi lililobaki na mali na madeni ya zamani, ambayo baadaye yalihamishwa tena. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera Farmers na Meru. SACCOS zinazokufa kimyakimya hazitangazwi hata magazetini. Kila mkopeshaji anapokufa, rehani alizokuwa nazo hazifi. Zinabaki daftarini kwa jina la taasisi isiyo na ofisi wala muhuri. Mwenye nyumba aliyelipa shilingi ya mwisho analazimika kumtafuta mfilisi, akishakosa hapo aende kwa aliyerithi madeni, na pengine amalizie Mahakama Kuu kuomba daftari lirekebishwe. Kama rehani zingekuwa zinafutwa pale deni linapokwisha, mkopeshaji angekufa akiwa ameacha rehani za wadaiwa halisi tu.

Hebu tuone kinachomkuta mnunuzi rehani hiyo inapoamka. Mkopaji akishindwa kulipa deni jipya, mkopeshaji humpa notisi ya siku 60. Notisi huenda kwa mkopaji, kwa anwani iliyoko kwenye mkataba. Aliyemo ndani ya nyumba anaweza asiione kabisa. Baadaye dalali hutangaza mnada, na tangazo lazima litangulie angalau siku 14. Mara nyingi gari la matangazo lenye kipaza sauti likipita mtaani ndiyo taarifa ya kwanza kumfikia mwenye kuishi hapo. Anakimbilia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kuomba amri ya kusimamisha mnada. Huko anakuta kwamba karatasi zote za mkopeshaji ziko sawa. Mahakama ya Rufani, katika kesi ya NBC dhidi ya Dar es Salaam Education and Office Stationery iliyoripotiwa 1995, ilisema mahakama haitaingilia uuzaji wa mali iliyowekwa rehani unaofanywa kwa mamlaka ya mkataba, isipokuwa kukiwa na rushwa au njama na mnunuzi wa mnadani. Na ikikaa Mwanza 2020, katika Rufaa ya Madai Na. 35 ya 2019, ilieleza kwamba mwenye hati ya usajili ndiye huchukuliwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitike kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Maamuzi hayo yana mantiki. Bila hayo hakuna atakayeamini daftari. Ila yanamwacha mnunuzi wetu akiwa na hoja moja tu, kwamba deni lililoandikwa lilishalipwa, na ushahidi wa hoja hiyo uko kwenye kompyuta za anayemshtaki. Akishindwa barazani, safari ya rufaa ni Mahakama Kuu.

Wapo watakaosema dawa ni rahisi: pekua kabla ya kununua. Tangu 2020 kila mkoa wa Tanzania Bara una ofisi yake ya ardhi, na mtu wa Bariadi hana haja tena ya kufunga safari hadi ofisi ya kanda kutafuta saini ya Msajili. Kenya walizindua mfumo wa Ardhisasa Aprili 2021 ili upekuzi ufanyike mtandaoni, na kwetu mifumo ya kidijiti inaendelea kujengwa. Yote ni mema. Lakini upekuzi humwambia mnunuzi kwamba rehani ipo. Haumwambii kama deni lipo. Kwa rehani iliyokwisha kazi, upekuzi mzuri unaleta jibu sahihi kisheria na la kupotosha kimaisha. Mnunuzi makini ataikimbia nyumba nzuri isiyo na deni. Muuzaji mwaminifu atakosa bei. Na asiye makini atanunua kwa kuamini salio sifuri. Daftari likiwa na rehani hai na rehani mfu pamoja, watu huzoea kupuuza zote. Huo ndio mwanzo wa maafa, kwa sababu ile moja iliyo hai hupuuzwa pamoja na zile tisa zilizokufa.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi kwa mkoa huu. Sehemu kubwa ya Simiyu ni ardhi ya vijiji, inayotawaliwa na Sheria Na. 5 ya 1999. Vijiji vya Itilima, Meatu, Busega na Maswa havina hati za Msajili bali hakimiliki za kimila, na wengi hawana hata hizo. Kwa nini basi kuhangaika na daftari la mjini? Kwanza, kesi za namna hii hufuata thamani, na thamani inaingia vijijini kila barabara inapofika na kila mji mdogo unapopimwa viwanja. Pili, hakimiliki ya kimila nayo imeanza kutumika kama dhamana; tangu MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge, ulipoanzishwa 2004, wananchi wameambiwa mwaka hadi mwaka kwamba cheti hicho ni mtaji. Daftari lake liko kijijini, kwa mtendaji, na mtendaji huhamishwa. Rehani ikiandikwa huko na isifutwe, kuitafuta baada ya miaka kumi kutakuwa kazi ngumu kuliko ya Bariadi mjini. Mazoea mabaya yakianzia mjini yatashuka vijijini na karatasi zake.

Pingamizi la mabenki ndilo ninalolichukulia kwa uzito kuliko yote. Mikopo ya nyumba Tanzania haifiki hata asilimia moja ya pato la taifa. Ukiwaongezea wakopeshaji faini na makaratasi, je, hutawafukuza wachache waliopo? Na mfanyabiashara wa pamba anayetaka hati yake ibaki benki hadi mwakani, kwa nini alazimishwe kuitoa? La pili lina jibu jepesi: asilazimishwe. Anayetaka rehani iendelee asaini kila mwaka kwamba anaitaka, na karatasi hiyo moja ijulikane kwa Msajili. Asiyesaini, rehani yake ifutwe. Hapo ukimya wa mteja utamaanisha kuwa huru, wakati leo unamaanisha kuendelea kufungwa. Kuhusu gharama, tukumbuke jinsi sheria ilivyowahudumia wakopeshaji walipolalamika. Marekebisho ya 2004 na Sheria ya Mikopo ya Nyumba ya 2008 yaligusa sehemu ya rehani ili mabenki yasiogope kukopesha. Siku za notisi zikahesabiwa, siku za mnada zinahesabika, na hata bei ya mnada ina kipimo chake: ikishuka asilimia 25 au zaidi chini ya wastani wa soko, mkopeshaji huchukuliwa amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Mkopaji anayeshindwa kulipa ana kalenda nzima ya kisheria. Aliyelipa vizuri, ambaye ndiye mteja mwema, karatasi yake hutoka pale anapoifuata, na akichoka kuifuata inabaki. Sheria inampa haki ya kuondolewa rehani akishalipa, na kanuni za Benki Kuu za 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinampa njia ya kulalamika. Lakini malalamiko ni dawa ya mtu anayejua kwamba anaumwa. Mwenye duka aliyelipa na kurudi sokoni hajui.

Wala gharama yenyewe si kubwa. Benki iliyofungua mkopo ina mwanasheria, ina fomu, ina mtu wa kupeleka nyaraka ofisi ya ardhi kila wiki kuandikisha rehani mpya. Mtu huyo huyo, kwa safari hiyo hiyo, anaweza kubeba za kufuta. Ada inaweza kukatwa siku ya kwanza ya mkopo pamoja na zile nyingine ambazo mkopaji hukatwa bila kuulizwa.

Mpaka hilo litakapowekwa kisheria, anayenunua nyumba yenye rehani Bariadi hana budi kuifanya kazi ya mkopeshaji yeye mwenyewe. Aende benki pamoja na muuzaji, wapate barua yenye kiasi kamili cha kumalizia hadi tarehe fulani, na fedha hiyo iingie kwenye akaunti ya mkopo, si mkononi mwa muuzaji. Kama ni ovadrafti, muuzaji aandike barua ya kuifunga, na benki iipokee kwa muhuri siku hiyo hiyo. Salio sifuri bila barua hiyo ni mlango uliorudishwa tu, haujafungwa. Kama nyumba iliwekwa kulinda deni la mtu mwingine, mdogo wa muuzaji au mshirika wake wa biashara, barua ilitaje deni hilo kwa jina, maana ndilo linalosahauliwa zaidi. Waraka wa kufuta rehani na fomu za uhamisho vipelekwe ofisi ya ardhi ya mkoa pamoja, na baada ya wiki chache upekuzi urudiwe ili kuona kilichoandikwa. Benki ikisema hati iko makao makuu Dar es Salaam na itachukua muda kufika, sehemu ya bei ibaki kwa wakili mpaka ifike. Muuzaji asiye na la kuficha atanung'unika kidogo kisha akubali. Anayekasirika na kutaka fedha yote leo hii, mnunuzi amwombe kwanza amwonyeshe akaunti zake zote za mkopo, siyo ile moja tu.